Shangazi Asiyevua Viatu Mlangoni

Vua viatu kwanza, ndipo usome. Ukiona huvui kirahisi, soma mara mbili. Ukimaliza usikae nayo peke yako. Mpitishie na mwenzako, hasa yule mwenye harusi mwaka huu.

Katika mji mmoja mdogo wa milimani, kwenye baridi na mashamba ya chai, aliishi binti aitwaye Atuganile. Alifanya kazi katika maabara ya zahanati, na kazi yake ilikuwa kupima: damu, sukari, matone ya dawa. Mtu akimwambia "kama kijiko hivi," aliuliza, "Kijiko cha chai au cha wali? Kilichojaa au kilichosawazishwa?" Watu walimwona msumbufu. Yeye aliwaona wao ndio wasumbufu, maana dunia imejaa rula na hakuna anayezitumia.

Atuganile alikuwa amechumbiwa na Lwitiko, kijana mrefu kama nguzo ya umeme. Atuganile mwenyewe alimfikia kwapani. Wawili hao hawakuwahi kuliona hilo kuwa tatizo. Tatizo lililetwa na shangazi.

Shangazi Subilaga, dada wa baba yake, alikuwa amerudi mjini hapo baada ya kustaafu. Miaka karibu thelathini alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi za jiji kubwa, na miaka yote hiyo alivaa viatu vya mchuchumio. Alivivaa kazini, kanisani, msibani, hata bustanini. Akifika kwenye nyumba ya mtu, wenzake wakiacha viatu mlangoni, yeye alifungua mkoba, akatoa jozi nyingine safi aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavaa hivyo ndani. Aliviita "viatu vya ndani." Navyo vilikuwa na visigino virefu vilevile.

"Maringo," watu walisema.

"Jiji limemharibu," walijibu wengine.

Atuganile naye aliamini ni maringo.

Sasa, ukoo huo ulikuwa na desturi yake. Siku ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti, bibi harusi mtarajiwa huingia ukumbini akicheza taratibu, huzunguka meza zote akimtafuta mchumba wake aliyejificha katikati ya wageni, kisha humleta mbele wote wamwone. Hilo wanalifanya wengi. Lakini ukoo huu ulikuwa na jambo moja zaidi. Bibi mzaa baba hutandika mkeka mbele ya mama mkwe. Shangazi na binti huvua viatu, hushikana mikono, na hutembea hatua saba juu ya mkeka, miguu mitupu, bila kuguswa na mtu mwingine yeyote. Hatua saba zikitimia, binti amekabidhiwa. Zisipotimia, hajakabidhiwa. Watu watakula pilau watarudi makwao, na siku nyingine itapangwa.

Kamati ya sherehe ilipokutana sebuleni kwa mara ya kwanza, Shangazi Subilaga, mwenyekiti wake, alikuwa na mambo mawili.

"La kwanza, huu mkeka tuuache. Mambo ya kizamani haya. Watu wa siku hizi wanataka keki na picha."

Bibi Kisa, mama yake, alikuwa ameketi pembeni akichambua maharage. Hakuinua uso. "Wewe mwenyewe uliukanyaga, Subilaga. Tena ulikuwa unakimbia, nikakwambia punguza mwendo."

"Enzi hizo, mama."

"Mkeka ni uleule. Endelea na la pili."

Shangazi akamnyooshea Atuganile kidole. "La pili ni huyu mtoto. Mfupi. Akisimama na yule mlingoti wake, kwenye picha ataonekana ameokotwa sokoni. Atavaa viatu vya sentimita kumi na moja."

"Kwa nini kumi na moja, Shangazi?" Atuganile aliuliza.

"Kwa sababu ukivaa kumi na mbili utaanguka."

"Nani alipima?"

"Nimekadiria."

Neno hilo lilimkera Atuganile kuliko viatu vyenyewe.

Kesho yake shangazi alimpeleka kwa Fundi Tupokigwe, mwanamke aliyeshona viatu kwenye baraza nyuma ya soko. Fundi huyu alisifika kwa mambo mawili: viatu vyake havikuumiza mtu, na yeye mwenyewe hakuwa na subira hata ya kujaza kisoda.

"Shikamoo, Fundi," alisema Atuganile.

"Marahaba. Kaa. Vua. Nyoosha mguu mbele, goti lisikunjwe."

"Tumekuja kuagiza, hatujaja kwenye mazoezi," alisema shangazi. "Tunataka kumi na moja. Rangi ya dhahabu. Upana kadiria tu."

Fundi akaweka sindano chini. "Watu mna mambo. Mtu akinunua gunia la mahindi anataka lipimwe mara mbili. Kiatu kitakachobeba mwili mzima, anasema kadiria." Akamgeukia Atuganile. "Wewe. Uachie mguu. Uachie kabisa, kama wa mtu aliyelala."

Atuganile aliuachia. Vidole vikainama mbele polepole, vikasimama vyenyewe.

Fundi akasimamisha kibao chembamba pembeni ya mguu, usawa wa kisigino, kisha akapima kwa rula ni kiasi gani ile sehemu nene iliyo chini ya vidole ilikipita kile kibao. Akapima mguu wa pili. Akaandika kwenye kipande cha karatasi ya saruji.

"Sentimita nne na milimita sita," alisema. "Hapo ndipo mguu wako unapopenda kuinama bila kulazimishwa, na hicho ndicho kimo cha kisigino chako. Mwingine ana tatu, mwingine ana sita. Kuna ambao mguu unabaki umesimama wima tu, hao nawashonea viatu bapa na sibishani na mtu. Ukiupandisha zaidi ya kipimo chake, uzito wote unateremkia kwenye vidole, na vidole havikuumbwa kubeba nyumba."

Atuganile alihisi kama amekutana na ndugu yake waliyepotezana sokoni. "Milimita sita," alirudia.

"Sita. Nimepima mara mbili."

"Kumi na moja," alisema shangazi.

"Mama, hicho unachokitaka si kiatu. Ni ngazi isiyo na ukuta."

"Mimi navaa tisa tangu sijaolewa, na niko hai."

"Sijasema vinaua." Fundi alitazama miguu ya shangazi, akaitazama kwa muda zaidi kuliko ilivyo adabu. "Kaa na wewe nikupime."

"Sijaja kupimwa!"

Fundi akamgeukia binti, akasema, "Hata hiyo nne na nusu na ushei, usiivae kwa mguu mkavu, usiozoezwa. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, visigino vining'inie nje. Shikilia ukuta. Vishushe taratibu mpaka shavu la mguu livutike, lakini lisiume, halafu panda. Kisha viringisha chupa chini ya unyayo. Kisha okota kitambaa sakafuni kwa vidole vya miguu."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni."

"Chupa ya maji au ya soda?"

Kwa mara ya kwanza Fundi Tupokigwe alitabasamu. "Ya soda. Wewe ni mtu wangu."

Baada ya siku tisa viatu vilikuwa tayari. Ngozi laini, rangi ya dhahabu iliyopoa, kisigino kinene kidogo. Atuganile alivivaa, akaenda mpaka kwenye bucha, akarudi, na njia nzima hakukumbuka kuwa ana miguu. Shangazi alikichukua kimoja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Hiki ni cha kwendea sokoni."

"Sokoni ndiko watu wanakotembea," alisema Fundi.

"Nishonee vya kumi na moja."

"Sishoni. Kuna mafundi kumi na wawili katika mji huu, nenda ukawasumbue."

Shangazi hakwenda kwa fundi mwingine. Aliagiza jijini, na vikaja kwa basi ndani ya boksi: vya dhahabu, vinang'aa, kisigino chembamba kama penseli. Atuganile akachukua rula yake. Sentimita kumi na moja kamili. Walau hilo.

Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa na maoni juu ya miguu isiyo yao.

Atuganile alikuwa ameshakwenda ukumbini kuhesabu. Kutoka mlangoni hadi meza kuu kulikuwa na hatua arobaini na mbili, bila kuhesabu kuzunguka meza za wageni. Akawa anafanya mazoezi kwenye korido ya nyumbani, akienda na kurudi, akiandika. Hatua ya kumi na saba, vidole vinawaka. Hatua ya ishirini na sita, magoti yanatetemeka. Hatua ya thelathini na moja, ukuta. Kila usiku aliota anaanguka mbele ya koo mbili, gauni limepanda juu, na mshereheshaji anasema kwenye kipaza sauti, "Mpigieni makofi!"

Akampigia simu mchumba wake. "Lwitiko, unataka nionekane mrefu kwenye picha?"

"Picha gani?"

"Ya sendofu! Ya kutundika ukutani!"

"Kwani hatutakuwa tumekaa kwenye viti?"

Akakata simu.

Akamwendea mpiga picha. "Kaka, mimi ni mfupi, na mwenzangu ni mrefu. Unaweza kufanya nini?"

Mpiga picha akamshangaa. "Dada, kwani kreti za soda zimeisha mjini? Wateja wangu wote wafupi wanapanda kreti. Gauni linafunika. Hujawahi kushangaa kwa nini picha za harusi hazionyeshi miguu?"

Atuganile akarudi nyumbani mbio na habari njema. Shangazi alizipokea kama tusi.

"Kreti! Mtoto wa ukoo wetu juu ya kreti!"

"Na kiatu cha sentimita kumi na moja ni nini, Shangazi, kama si kreti iliyokatwa vipande viwili?"

"Usinijibu hivyo. Unalia kwa sababu ya vidole? Miguu ya mwanamke huuma, mwanangu. Inauma ukivaa, inauma ukivua. Ndivyo ilivyo. Unazoea."

"Yangu haiumi nikivua."

Shangazi alimkazia macho, kama mtu aliyesikia uongo wa wazi. "Bado mtoto wewe," alisema, akaondoka kwa mwendo wake wa ko-ko-ko.

Mama yake Atuganile, aliyekuwa akisonga ugali, alisema kwa upole, "Vumilia tu, ni siku moja."

"Mama, kuvunjika mguu nako ni siku moja."

Lakini hakuacha mazoezi ya ngazi. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Alichora vistari nyuma ya kalenda ya zahanati. Chupa ya soda ilikaa chini ya kitanda chake. Shangazi alipoikuta, aliuliza kama binti ameanza kunywa.

Siku ya sendofu ikafika. Saa tisa alasiri gari lilisimama mbele ya ukumbi. Atuganile alikuwa na gauni la bluu, nywele zimebanwa, na miguuni alikuwa na zile penseli mbili za dhahabu. Alishuka. Ngazi ya kwanza ya ukumbi, kifundo cha mguu kikapinda upande. Mpambe wake, Tusekile, akamdaka kwapani.

"Umeumia?"

"Bado," alisema Atuganile.

Bado kulikuwa na hatua arobaini na mbili, na meza zote za wageni. Ndani, muziki ulikuwa umeanza, na mshereheshaji alikuwa akimwita.

Alisimama hapo, mkono mmoja ukutani, na alichoka. Hakuwa na hofu tena, alikuwa amechoka tu. Alichoka kukadiriwa. "Tuse, fungua ule mfuko wangu," alisema. "Chini ya kanga."

Tusekile akatoa viatu vya Fundi Tupokigwe.

Atuganile aliingia ukumbini akicheza. Alizunguka meza ya wajomba, meza ya wafanyakazi wa zahanati, meza ya kwaya. Lwitiko alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, lakini nguzo ilikuwa fupi kuliko yeye. Ukumbi ukacheka, vigelegele vikapanda, akamshika mkono akamleta mbele. Hakuhesabu hatua hata moja.

Mbele pale Shangazi Subilaga alikuwa amesimama, kavaa vya tisa vyake, uso umekunjamana. Alikuwa ameona pindo la gauni likiburuzika sakafuni.

"Umenidharau," alisema kwa meno, huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Mbele ya watu wote hawa, umenidharau."

"Shangazi, tutaongea nyumbani."

"Na gauni linafagia!"

Wakati huo Bibi Kisa alikuwa anatandika mkeka. Aliunyoosha kona zote nne, akarudi kwenye kiti chake. Upande wa pili mama mkwe alisimama, mikono wazi. Mshereheshaji akasema, "Sasa tunamwomba shangazi mtu afanye kazi ya ushangazi!"

Atuganile akavua viatu, akasimama ukingoni mwa mkeka. Shangazi hakuinama.

"Nitapita na viatu," alisema. "Mkeka huu una miiba."

"Nimeusuka mimi," alisema Bibi Kisa. "Hauna miiba."

"Mama, nina baridi yabisi."

"Tangu lini? Vua, Subilaga. Viatu havikabidhi mtu."

Watu walianza kunong'ona. "Maringo hata leo!" ilisikika sauti kutoka meza ya wajomba. Atuganile akakasirika. Siku zote hizo, maneno yote yale, na sasa shangazi yuko tayari kuyaharibu makabidhiano yenyewe ili asionekane mfupi?

"Shangazi, nakuomba. Hatua saba tu."

Shangazi Subilaga akamtazama. Kisha akaketi, akafungua kamba za viatu, kimoja, kingine, akavisukuma chini ya kiti. Akasimama.

Visigino vyake havikugusa sakafu.

Alisimama kwa vidole, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Chini ya kila kisigino palikuwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili. Alijaribu kuvishusha, mwili ukayumba kwenda nyuma, akajirudi kwa kasi. Akapiga hatua moja kwenye mkeka na kukaribia kuanguka mbele. Akina mama wa meza ya kwaya walidhani anacheza. Wakapiga vigelegele.

Atuganile hakupiga. Alikuwa karibu mno. Aliona mshipa mnene nyuma ya kisigino ulivyokaza kama kamba ya kuanikia nguo iliyovutwa mno. Aliona jasho kwenye mdomo wa juu. Na pale pale akaona kila kitu: viatu vya ndani kwenye mfuko wa nailoni, mkeka wa kizamani unaotakiwa kuachwa, inauma ukivaa inauma ukivua. Hayakuwa maringo. Shangazi yake hakuwa anakataa kuvua viatu. Alikuwa hawezi.

"Tangu lini, Shangazi?" alinong'ona.

"Sijui." Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mwenyekiti wa kamati. "Zamani nilikuwa navua jioni. Halafu nikivua ikawa inauma, nikaona afadhali nisivue. Nilidhani iko hivi kwa wanawake wote. Nilidhani nyie mnavumilia kunizidi."

Vigelegele viliendelea. Mtu wa upande wa mkwe akainuka kuja kusaidia. Bibi Kisa akanyanyua mkono. "Asiwaguse mtu!" Hilo ndilo lilikuwa sharti, na hatua moja tu ilikuwa imekwisha.

Atuganile akakunja magoti kidogo, akauchukua mkono wa shangazi, akaupitisha juu ya bega lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kuwa mfupi kulimfaa: bega lilikaa sawasawa chini ya kwapa la shangazi.

"Niegemee."

"Tutaanguka wote."

"Hatuanguki. Nimeshuka ngazi mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni, siku thelathini na nne. Niegemee."

Shangazi akaegemea. Atuganile akasambaza vidole vyake juu ya mkeka, akaushika kwa unyayo wote kama mtu anavyoshika kitu kwa kiganja. Mbili. Mkeka ulikuwa wa baridi. Tatu. Shangazi alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Nne. Vigelegele vilikuwa vimekwisha. Sasa watu walikuwa wameona. Tano. Mguu wa Atuganile ulitetemeka, ukatulia. Sita.

"Saba," alisema Shangazi Subilaga mwenyewe, na wote wawili wakaangukia kwa pamoja kwenye mikono ya mama mkwe.

Kisha Bibi Kisa, bila kuinuka kitini, akasema, "Mkeka huu nimeutandika mara nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona binti akimkabidhi shangazi."

Hapo watu walicheka, na shangazi akacheka nao huku akilia, na hakuna aliyesema tena neno maringo.

Picha iliyotundikwa ukutani baadaye haikuwa ile ya kreti. Ilikuwa ya mkekani. Ndani yake wanawake wawili wako miguu mitupu, mmoja amemwegemea mwenzake. Nyuma yao, Lwitiko anaonekana kuanzia magotini hadi mabegani. Kichwa hakikuingia. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Juma moja baada ya sendofu, Shangazi Subilaga alifika kwenye baraza la nyuma ya soko. Alikaa kwenye benchi kabla ya kuambiwa. Akavua. Akanyoosha mguu.

Fundi Tupokigwe alisimamisha kibao, akapima. Akausukuma unyayo kurudi juu kwa kiganja, polepole, akasimama aliposikia shangazi akivuta pumzi.

"Kulia, nane na milimita mbili. Kushoto, nane na nne. Na nikiusukuma haurudi. Mguu wako umesahau ardhi, mama."

"Najua," alisema shangazi. "Ndiyo maana nimekuja. Nishonee bapa. Bapa kabisa, nianze kuvaa leo."

Fundi akatupa rula kwenye benchi. "Watu nyie! Mwezi uliopita ulikuwa unanipigia kelele unataka kumi na moja, leo unataka sifuri. Kwani katikati hakuna namba? Ukishuka ghafla utaukata huo mshipa, halafu useme Tupokigwe ndiye aliyekata. Kwanza nenda hospitali wakautazame. Wakikuruhusu, tunaanza na saba na nusu. Mguu ukikubali, napunguza nusu sentimita. Ukikubali tena, nusu nyingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mguu wenyewe useme. Mimi sikadirii. Na kila siku ngazi, na chupa, na kitambaa. Hata ukijisikia mvivu. Hata siku ya Krismasi."

Shangazi aliitazama miguu yake kama watu anaotambulishwa kwao upya.

"Hiyo chupa, Fundi," alisema mwishowe. "Ya maji au ya soda?"

Fundi Tupokigwe alitaka kukasirika, akashindwa.

Funzo: Kimo cha kisigino chako uulize mguu wako, usiulize picha, kila siku urudishe chini usije ukasahau ardhi, na maumivu uliyoyazoea wewe, usimpimie mwenzako kana kwamba ndiyo saizi ya kila mtu.